Stelingi Hafi? Picha, Hofu na Imani Katika Historia Yetu

Naomba nianze kwa kukiri. Mchungaji wenu anapenda muvi. Mimi si mtaalamu wa mambo hayo, na majina ya waongozaji wengi siyajui. Ni mtazamaji wa kawaida tu. Jumatatu usiku, watoto wakishalala na ukungu ukishashuka hapa Ibighi hadi taa ya jirani haionekani, huwa nakaa na mama mchungaji tukaangalia picha moja. Yeye hupenda za kuchekesha. Mimi napenda aina tatu ambazo wazee wa kanisa hawazipendi: za mapigano, za kisayansi na za kutisha.

Baada ya semina moja ya vijana, mama mmoja alisimama akaniuliza mbele ya watu wote: "Baba Mchungaji, hizi picha za mashetani wanazoangalia watoto wetu ni dhambi au si dhambi? Tupe jibu moja, twende nyumbani tukapike." Watu walicheka. Mimi sikuwa na jibu moja. Nilimwambia kwamba ninachokijua ni historia tu, na kwamba siku moja nitaiandika. Insha hii ni deni langu kwake.

Taa ya Livingstone

Kwa kawaida tunadhani picha za kutisha zililetwa na watu wasiomcha Mungu. Tuangalie historia inasema nini.

Januari 1854 mmisionari David Livingstone alifika kwa chifu Shinte wa Walunda, karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola. Alikuwa amebeba taa ya kuonyeshea picha, kifaa kilichokuwa kikitumika Ulaya kabla ya sinema. Picha ilichorwa juu ya kioo, mwanga wa taa ukapita katikati, na sura kubwa ikatokea kwenye kitambaa gizani. Shinte aliwakusanya wakuu wake na akina mama wa nyumba yake. Picha ya kwanza ilikuwa Ibrahimu ameinua kisu juu ya Isaka mwanawe.

Livingstone mwenyewe alisimulia kilichotokea. Akina mama walitazama kwa utulivu. Alipokivuta kioo ili aweke picha nyingine, kile kisu kilionekana kinasogea kuelekea kwao. Wakapiga kelele za kumwita mama, wakatimka wakiangukiana. Haikuwezekana kuwarudisha. Shinte alibaki ameketi mpaka picha zote zikaisha, na baada ya hapo akakichunguza kile kifaa kwa hamu kubwa.

Mimi husoma habari hiyo nikacheka kidogo, kisha nikanyamaza. Picha ile ya kutisha ililetwa na mmisionari, nayo ilitoka katika Kitabu cha Mwanzo. Wale akina mama pia hawakuwa wajinga. Sisi tumeisikia habari ya Isaka tangu shule ya Jumapili mpaka haitutishi tena. Wao waliiona kwa mara ya kwanza, wakaelewa mara moja kwamba ni habari ya kutisha: baba ameshika kisu na mtoto amelala juu ya kuni. Asiyetetemeka kidogo mbele ya Mwanzo 22 huenda hajaisoma.

Zaidi ya yote ninamkumbuka Shinte. Hakukimbia, na hakuivunja taa. Aliketi akatazama mpaka mwisho, halafu akaenda kuangalia mwanga unatoka wapi.

Walioogopa watazamaji

Miaka themanini baadaye kanisa lilirudi kwenye jambo hilo kwa mpango mkubwa zaidi. Baraza la Kimataifa la Misioni lilikuwa limewatazama wachimba madini wa Rhodesia ya Kaskazini na kuona jinsi maisha ya mjini na ya mgodini yanavyowabadilisha watu. Likaona sinema inaweza kuwafundisha. Ndipo ukaanzishwa mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika, ulioendeshwa kuanzia 1935 hadi 1937 kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Makao yake hayakuwa London wala Nairobi. Yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, hapa hapa Tanganyika, chini ya Meja Notcutt. Zilitengenezwa picha 35: za kilimo, za minyoo, za kuweka akiba posta, za kodi, na chache za hadithi. Lori lilizunguka nazo Afrika Mashariki na ya Kati, likizionyesha viwanjani usiku.

Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu kwa makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka au zenye ufundi wa kamera. Kwa hiyo picha zilitakiwa ziende polepole, jambo moja baada ya jingine, kama unamwelekeza mtoto njia ya kisimani. Mawazo hayo yaliendelea kwa miaka mingi. Huku watu wetu waliokaa mijini walikuwa tayari wanalipa viingilio kuangalia picha za Kihindi na za wachunga ng'ombe wa Marekani, na walizielewa vizuri kabisa.

Picha za serikali nazo zilitupa kitu. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu, alifanya kazi na gari la sinema la serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alicheza katika picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Baada ya uhuru magari ya sinema yaliendelea kuzunguka vijijini. Mwaka 1976 ikatungwa sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, na serikali ikapata njia ya kukagua kinachoonyeshwa.

Ukiisoma historia hii yote pamoja, unaona jambo moja linajirudia. Mmisionari, mkoloni, serikali huru na sisi wachungaji, kila mmoja kwa wakati wake, aliuliza: "Picha hii itawafanya nini watu hawa?" Ni swali halali. Lakini ni wachache waliokaa na watu baada ya picha kuisha wakawauliza: "Ninyi mmeona nini?" Hofu yetu kubwa haikuwa juu ya picha. Tuliwaogopa watazamaji.

Stelingi na msalaba

Mimi nilionja sinema kwa mara ya kwanza Tukuyu mjini, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Televisheni ya Tanzania Bara ilikuwa bado haijaanza, ilikuja 1994. Kulikuwa na chumba kimoja chenye televisheni, deki ya mikanda na jenereta nje likinguruma. Vyumba vya namna hiyo baadaye tukaviita kibanda umiza, kwa sababu ya kubanana kwake. Mama yangu alinipa sarafu ninunue chumvi. Chumvi sikununua. Niliangalia Commando, picha ya 1985, ambamo Arnold Schwarzenegger anaingia kisiwani peke yake kumwokoa binti yake na kuliangamiza jeshi zima. Nyumbani nilichapwa, na usiku nilimwota Arnold.

Kijana mmoja alisimama kando ya televisheni akatafsiri. Kiingereza chake, sasa najua, kilikuwa kidogo sana. Lakini alituambia nani mwema na nani mbaya, akaongeza utani wake na methali, akawapa maadui majina ya watu wa sokoni. Miaka iliyofuata kazi hiyo ikawa sanaa kamili, na mikanda ya Lufufu wa Dar es Salaam ikafika kila mahali. Ndugu zetu wa Uganda na Kenya wana watafsiri wao mashuhuri. Ninapowakumbuka, nawaona kama wenzangu katika kazi: mtu anasimama kati ya habari ya mbali na watu wake, na kuifanya isikike kwa lugha yao. Anaweza pia kuipotosha. Hilo nitalirudia.

Kibandani tulijifunza kanuni moja ya imani: stelingi hafi. Risasi elfu zitapita pembeni. Nyumba italipuka naye atatoka akijipangusa vumbi. Ndiyo sababu tuliweza kuangalia damu yote ile bila kulia. Tulijua mwisho wake.

Kisha, katikati ya miaka ya 1990, gari lilikuja na turubai kubwa jeupe, tukaonyeshwa kwenye uwanja wa kanisa ile picha ya maisha ya Yesu iliyotengenezwa 1979 kwa kufuata Injili ya Luka. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Yesu alipopigwa misumari wanawake walianza kulia. Katika ule ukimya kijana mdogo akapaza sauti: "Msilie, stelingi hafi!" Watu wakacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Dakika chache baadaye akafa. Yule kijana akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Mbona amekufa?"

Nilikwenda chuo cha theolojia, nikasoma miaka mingi, lakini swali bora la kitheolojia nililisikia pale. Mwaka 1518 mjini Heidelberg Martin Luther alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Ya kwanza humtafuta Mungu kwenye nguvu na ushindi unaoonekana. Ya pili humkuta mahali ambapo hakuna mtu angemtafuta, kwenye aibu na mateso. Picha za mapigano zimejaa theolojia ya utukufu, nami huzifurahia hivyo hivyo, kama mtu anavyofurahia soda: tamu, lakini huwezi kuishi kwa soda. Hatari inaanza pale mkristo anapotaka Yesu awe Arnold, na anapougua au kufiwa anasema, "Nimeachwa, maana stelingi hafi." Wapendwa, wa kwetu alikufa kweli. Hatukudanganywa kwa ufundi wa kamera.

Roboti na shokoa

Picha za kisayansi nilizipenda baadaye. The Terminator ya 1984, na ile ya pili ya 1991 ambayo jina lake linataja Siku ya Hukumu, zinasimulia mashine zilizotengenezwa na watu zikawageukia watu. Mbegu ya hadithi hizi ni ya zamani. Mwaka 1818 mwanamke kijana wa Uingereza, Mary Shelley, alichapisha hadithi ya Frankenstein, msomi aliyetengeneza kiumbe kutoka kwa viungo vya maiti, kisha akakikimbia siku kilipofumbua macho. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. Ni jina la msomi. Dhambi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba alikiacha peke yake alichokiumba. Mungu wa Mwanzo 3 hafanyi hivyo. Anashuka bustanini akimtafuta Adamu aliyejificha.

Neno "roboti" nalo lina historia inayotuhusu. Lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa mwandishi wa Chekoslovakia, Karel Čapek, wa mwaka 1920, na lugha yake ililitoa kwenye neno lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Kwa Kiswahili cha babu zetu: shokoa. Roboti ni mtu wa shokoa aliyetengenezwa kwa chuma. Babu zetu wa Rungwe walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, na wengine wakafika migodi ya Afrika Kusini, wakapewa namba na kuhesabiwa kama vifaa. Wao hawakuhitaji picha ya kisayansi kujua inakuwaje mtu akigeuzwa chombo. Kwa hiyo kijana anapoangalia maroboti, hapotezi muda kama atajifunza kuuliza: hapa kwetu, nani anahesabiwa kama chombo? Yule binti wa kazi za ndani? Yule kijana wa bodaboda?

Neno la bibi zetu

Sasa nafika kwenye picha za kutisha, na hapa sitaweza kucheka sana.

Tusidhani kwamba hofu tuliinunua dukani. Wakati wa ukoloni hadithi za mumiani na chinjachinja zilienea Afrika Mashariki yote: watu wanaokamata wengine usiku na kuwanyonya damu. Ukiangalia jinsi nguvu za watu zilivyonyonywa siku zile, utaona hadithi hizo zilikuwa na ukweli wake. Hata hapa kwetu, mwaka 1999, magazeti yaliandika habari za biashara ya ngozi za binadamu mkoani Mbeya, na wazazi waliogopa kuwatuma watoto jioni. Nilikuwa kijana, nakumbuka njia zilivyokuwa tupu baada ya jua kuzama.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tasnia ya filamu za video ilianza kukua Dar es Salaam. Mussa Banzi alitengeneza picha ya kutisha akaiita Nsyuka. Sisi watu wa Rungwe tulipoona jina lile kwenye jalada tulishtuka, maana ni neno letu. Pale lilikuwa jina la kiumbe cha kutisha chenye kiu ya damu. Lakini bibi zetu walipolitamka walimaanisha nini?

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, Wamoraviani na Walutheri wa Misioni ya Berlin, walifika katika nchi hii. Walihitaji maneno. Kwa jina la Mungu walichukua Kyala, jina ambalo wazee walihusisha na pango la ibada karibu na Ziwa Nyasa. Neno hilo likapanda juu, nasi leo tunaomba kwalo bila kukumbuka pango. Maneno husafiri, mengine hupanda, mengine hushuka.

Abasyuka, wingi wa nsyuka, ni wafu wa ukoo. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliandika kwa kirefu kuhusu desturi za mazishi za Wanyakyusa. Alionyesha kwamba kwanza walimtenga marehemu na walio hai, ili asiwasumbue kwa ndoto na wazimu, kisha wakamkaribisha nyumbani akiwa ametulia, aote moto mekoni kama mmoja wa familia. Walimheshimu na kumwogopa pia, kama mtu anavyomwogopa baba. Hakuwa zimwi lenye meno.

Mzizi wa neno lenyewe, mliokulia Kinyakyusa mnaujua: ukusyuka, kufufuka. Ndilo neno la Pasaka. Neno tunaloliimbia asubuhi ya ufufuo na jina la lile zimwi la kwenye jalada vimetoka tumbo moja. Simlaumu aliyetengeneza picha. Msanii huokota neno linapoangukia. Lakini nani aliliangusha? Nadhani sisi wahubiri tulianza kazi hiyo zamani. Tulipotaka watu waache kuwaomba wafu, jambo ambalo bado nalihubiri, wengi wetu hatukuishia hapo. Tuliwageuza wafu wenyewe kuwa mashetani. Mtu wa sinema alikuta neno limekwisha kuchafuka.

Kosa langu

Nilipata kubarikiwa uchungaji nikiwa bado kijana, nikapangiwa usharika wa mabondeni ambao sitautaja. Picha ile ilikuwa imefika kwenye kibanda cha pale, na watoto walikuwa hawalali. Wazazi walinilalamikia. Jumapili nikapanda mimbari nikahubiri kwa moto. Picha yenyewe sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona jalada tu. Nikasema nsyuka wako kati yetu, wanatembea usiku, na mkristo awe macho kuwatambua. Watu waliitikia "Amina" kwa nguvu. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Palikuwa na bibi mmoja mjane aliyeishi peke yake. Mume wake na watoto wake wawili walizikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Jioni alikuwa na kawaida ya kufagia makaburi yale, na akifagia aliongea nao, kama wajane wengi wanavyofanya. Baada ya mahubiri yangu watoto walianza kumwita Nsyuka. Kisha mawe yakaanza kurushwa juu ya bati lake usiku. Kisha mjukuu wa jirani, aliyekuwa akimchotea maji, akakatazwa kwenda. Hakuna aliyempiga. Lakini wote tunajua katika nchi hii mambo ya namna hiyo huishia wapi. Vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa. Mara nyingi chanzo si panga. Huanza na jina.

Nilipata habari baada ya wiki tatu, nikaenda kwake nikiwa na maneno ya kumfariji tayari mdomoni. Alinikaribisha kigoda. Akaniangalia, akasema: "Mchungaji, wananiita nsyuka. Mbona mimi sijafa bado?" Nikaanza kuwalaumu watoto na ile picha. Akanikatiza kwa upole: "Kibandani mimi siendi, na wao wengi hawana hela ya kwenda. Jina hili wamelitoa kanisani."

Yale maneno ya kufariji yaliishia pale. Nilikuwa mtafsiri aliyesimama kando ya televisheni, nami nilikuwa nimewaambia watu adui ni nani, bila hata kuiona picha.

Kipande cha samaki

Usiku ule nilisoma Luka 24. Wanafunzi wamekusanyika, wana hofu. Yesu aliyefufuka anasimama katikati yao, nao wanadhani wameona roho ya mtu aliyekufa. Kwa Kinyakyusa cha bibi yangu, walidhani ni nsyuka. Mfufuka wa kweli alipotokea, kanisa lake la kwanza lilimwona kama kitu cha kutisha.

Hakuwakemea wakatoke nje wakatubu. Aliwaonyesha mikono na miguu. Aliwaambia wamguse. Walipokuwa bado hawajaamini, aliuliza kama wana chakula chochote. Wakampa kipande cha samaki, akala mbele yao. Hofu yao aliitibu kwa kukaa karibu, kugusika na kula pamoja.

Nikajua la kufanya. Siku iliyofuata saa kumi jioni, watoto wakitoka shule, nilikaa mlangoni kwa yule bibi, mahali panapoonekana njiani. Alinipa ndizi za kuchemsha na parachichi. Nikala. Siku ya pili nikaja tena na mke wangu. Siku ya nne msichana mmoja alisimama kwenye uzio akituangalia kwa muda mrefu, kisha akaingia, akachukua ndizi, akakimbia. Jumapili nilisimama mimbarani nikasema nimekosa, na nikaeleza nimekosa nini. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia baadaye kwamba mchungaji hapaswi kujishusha hivyo. Huenda. Mawe yalikoma. Jina halikukoma mara moja. Lilichukua zaidi ya mwaka, na sidhani liliisha lote.

Yule bibi aliishi miaka mingine kadhaa. Nilikuwa nimehamishwa alipofariki, lakini familia ilinipigia nikaenda kumzika, kando ya mume wake, chini ya migomba ile ile. Kaburini, nikiwa na udongo mkononi, nilitangaza kwamba atafufuka. Nilisema kwa Kinyakyusa, kwa neno lile lile walilomtupia. Sauti ilinikatika, ikabidi mwinjilisti amalizie.

Jibu kwa mama wa semina

Mama, uliniomba jibu moja. Ninalo sasa, ingawa si fupi kama ulivyotaka.

Picha ya kutisha si dhambi kwa kuwa inatisha. Biblia yetu ina kisu juu ya Isaka, ina mwenye pepo akiishi makaburini Gerasi, ina giza la saa sita mchana pale Golgotha. Mtoto mdogo asiyeweza kulala usimwonyeshe. Hilo ni suala la busara ya mzazi, kama kutompa mtoto pilipili. Kuna picha pia ambazo hutazamwa kwa kufurahia uchi au maumivu ya mwingine tu. Hizo zime, ulale.

Kwa hizo nyingine, usikimbie kama wale wa nyumba ya Shinte, na usihubiri kuhusu jalada kama nilivyofanya mimi. Kaa na watoto wako mpaka mwisho, kisha nendeni pamoja mkaichunguze taa. Waulize: tumefundishwa kumwogopa nani? Yupo mtu hapa kijijini anayefanana naye? Na mtu huyo, lini mara ya mwisho tulikula kwake?

Kama swali la mwisho halina jibu zuri, chukueni kikapu cha ndizi, mwende kabla jua halijazama.